Barua ya wazi kwa Bodi ya shule niliyosoma: mchango wangu wa chumba cha Klabu usubiri kwanza

Kwa: Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule
Kupitia kwa: Mkuu wa Shule
Nakala: Mwalimu mlezi wa Klabu ya Kiingereza, Afisa Elimu Sekondari wa Halmashauri

YAH: UKARABATI WA CHUMBA CHA KLABU YA KIINGEREZA

Shikamooni walimu wangu, na heshima kwenu wajumbe.

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. (Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akisema barua ya kikazi isiyoanza hivyo bado haijaanza, na najua ataisoma hii.)

Ujumbe wenu umetufikia kwenye grupu la WhatsApp la wanachama wa zamani. Mnaomba tuchangie zulia, viti vya kuzunguka, runinga ya ukutani na feni. Mmeongeza kwamba baada ya ukarabati Klabu itaendelea kuwa na wanachama wachache wenye viwango, ili heshima yake isishuke. Fedha si nyingi, ila ninazo. Nimeshamkabidhi mweka hazina wetu na kumwomba asizitume kwanza. Barua hii inaeleza sababu, nami naiandika hadharani kwa kuwa shule ni ya umma, na waliobaki nje ya chumba kile ni wengi kuliko sisi tuliokaa ndani.

Sitajifanya niliichukia Klabu. Ilikuwa tamu! Mwanafunzi wa bweni anayekula makande Jumatatu na ugali maharage siku zilizobaki hahitaji mambo makubwa ili ajione mfalme. Sisi tulikuwa na chumba pembeni ya maktaba, chenye kochi lililochanika, chupa ya chai, na magazeti ya wiki iliyopita. Tulikuwa na beji ya bluu. Jumamosi asubuhi, wenzetu wakifyeka nyasi na kudeki mabweni, sisi "tulikuwa na maandalizi". Maandalizi yenyewe mara nyingi yalikuwa kulala kwenye lile kochi kwa zamu.

Halafu kulikuwa na safari. Mara kadhaa kwa muhula Coaster ilikodiwa kutupeleka kwenye mdahalo shule za jirani, na shule ya wasichana ndiyo iliyofanya watu wasilale usiku wa kuamkia. Bweni zima lilishiriki safari ambayo lenyewe haliendi. Mmoja anakuazima viatu, mwingine anakupigia pasi ya mkaa, wa tatu anakuja na bahasha iliyopuliziwa marashi, umfikishie fulani wa Kidato cha Tatu. Tulikuwa posta. Nauli ya barua ilikuwa sukari, kijiko cha kulia kilichojaa, na ukileta jibu inakuwa viwili. Tulirudi usiku tumeshiba pilau, na kesho yake bwaloni tunasimulia kama watu waliotoka Ulaya.

Haya nayakumbuka kwa raha na sioni cha kuombea radhi. Watoto wa miaka kumi na minne wakipewa beji wataivaa. Ninachohoji ni utaratibu ulioamua nani apewe, maana huo uliwekwa na watu wazima, na kwa barua yenu naona mnataka kuuwekea zulia.

Nilianza Kidato cha Kwanza 2009. Wiki ya kwanza njuka, yaani wanafunzi wapya, wote tulifanana: vichwa vimenyolewa, ndoo mpya zimeandikwa majina kwa rangi ya mafuta, usiku mtu analia ameuma shuka. Tofauti ilijitokeza siku mwalimu wa zamu alipouliza jambo mstarini kwa Kiingereza. Mikono michache ikapanda. Wenye mikono hiyo tulikuwa tumetoka shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza. Wengine wote walitoka Kayumba, yaani shule za msingi za serikali, ambako tangu 1967 masomo yanafundishwa kwa Kiswahili na Kiingereza ni kipindi kimoja miongoni mwa vipindi. Mimi nilikuwa na Kiingereza kwa sababu moja tu: shangazi yangu aliuza vitenge, hakuwa na mtoto, na alinilipia ada. Hakuna kipaji hapo. Kuna vitenge.

Usaili wa Klabu ulifanyika mwezi uliofuata. Meza moja, Kidato cha Nne watatu nyuma yake, mlezi dirishani anasahihisha madaftari. Unachomoa karatasi kwenye kofia, unasoma mada, unazungumza dakika mbili. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa kijana wa mkondo wetu ambaye sitamtaja, ingawa nimemwomba ruhusa ya kusimulia na amekubali. Alichomoa mada ya kijiji chake. Kijiji anakijua: kila masika mto unakata barabara, na wanaume wanajifunga kamba kuvusha wagonjwa. Alikuwa ameshatusimulia hayo bwenini mpaka tukasahau kulala. Akaanza: "My village is have..." Mwenyekiti wa Klabu akainua kidole, akarudia polepole, "Is have?" Chumba kikacheka. Yule kijana akasimama palepale mpaka dakika zake zikaisha, hakuongeza neno. Mlezi hakuinua kichwa. Alisema tu aitwe anayefuata, nami nikaingia.

Usiku ule, saa ya prepo, mwenyekiti yuleyule alikuja mkondo wetu na daftari la Hisabati. Mlinganyo ulikuwa umemshinda. Aliyemweleza, kwa chaki, nyuma ya mlango wa kabati, alikuwa njuka yuleyule ambaye yeye alimwangusha mchana kwenye usaili. Alimweleza kwa Kiswahili cha kunong'ona, maana shuleni kwetu Kiswahili kilikuwa kosa.

Hapo kwenye kosa ndipo ninapotaka Bodi itue. Mnakikumbuka kile kibao cha mbao chenye kamba. Ukisikika unaongea Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili unavikwa shingoni, unakaa nacho mpaka umkamate mwingine, na atakayelala nacho asubuhi anakatiwa eneo la kufyeka. Wanachama wa Klabu hatukukivaa sana. Sisi tungeweza kubadili lugha mtu akipita. Wenzetu walipata ufumbuzi wao: walinyamaza. Ukipita njia ya bwaloni Kidato cha Kwanza wakiwa na kibao kinazunguka, ungesikia sahani tu. Shule ikawa imewanyang'anya watoto Kiswahili kwa kibao na kuwanyima Kiingereza kwa usaili, kwa pamoja, kisha ikawashangaa kwamba hawachangii darasani.

Na Klabu, tukubaliane, ndiyo iliyokuwa darasa la Kiingereza. Darasani tulikuwa tumebanana, watatu kwenye dawati la wawili, mwalimu mmoja anabeba mikondo yote, anaandika ubaoni, tunanakili, kengele. Ile kozi ya wiki chache ya kuwaandaa njuka kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza iliisha kabla mtu hajazoea sauti yake mwenyewe. Mahali pekee ambapo mtoto alisimama, akasema, akakosea, akarekebishwa, akasema tena, palikuwa mle chumbani. Kwa hiyo waliokuwa tayari wanakijua ndio waliofundishwa. Sijui kama kuna mkulima anayemwagilia shamba lililoko mtoni na kuacha la mlimani, lakini shule yetu ilifanya hivyo miaka yote minne.

Mtasema kulikuwa na mdahalo wa Alhamisi, na huo ulikuwa wa shule nzima. Ulikuwa wa shule nzima kukaa. Mada ileile kila muhula, elimu na pesa kipi bora, au mjini na kijijini. Waliokaa meza ya mbele walikuwa wenye beji. Bwalo lilipopewa nafasi ya kuchangia, mtu alinyoosha mkono, akasimama na sentensi moja aliyoiandika kiganjani, akaisema kwa kasi kama anayemeza kwinini, akaketi akipigiwa makofi ya kumwonea huruma. Sisi mbele tuliyapokea makofi ya kweli.

Sasa fedha. Muhula mmoja nilikuwa msaidizi wa mweka hazina wa Klabu, ndiyo maana hili nalijua. Wakati huo ada ya bweni shule za serikali ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka, na juu yake ikaja michango: taaluma, michezo, mitihani ya majaribio, ulinzi. Coaster ilikodiwa kwa fungu la taaluma na michezo. Fungu hilo lililipwa na kila mzazi, pamoja na yule aliyeuza mbuzi ili mwanawe apande basi la kuja shule. Mbuzi yule alitupeleka sisi kula pilau shule ya wasichana. Tangu 2016 ada imeondolewa mpaka Kidato cha Nne, na uendeshaji unategemea ruzuku ya Serikali. Maana yake ni kwamba leo hata asiye na mtoto pale shuleni analipia ile safari, kwa kodi ya sabuni anayonunua dukani.

Mimi ni wa Kidato cha Nne cha 2012. Kwa mtu wa rika langu mwaka huo unajieleza. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walikuwa na daraja sifuri, yaani wamefeli. Ikaundwa tume, Mei matokeo yakafutwa na kupangwa upya, na bado hali haikupendeza. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, na sitaki kuzibebesha zote lugha: shule nyingi hazikuwa na walimu, maabara wala vitabu. Ila naijua shule yangu. Ndani ya Klabu hakuna aliyepata sifuri. Yule kijana wa kijiji cha mtoni alifaulu Hisabati vizuri. Historia na Uraia, ambako unatakiwa ujaze kurasa kwa Kiingereza, vilimtupa chini, na Kidato cha Tano hakuchaguliwa. Msimsikitikie, hapendi. Ana karakana ya kuchomelea mageti na ameajiri vijana. Nilipompigia kuhusu barua hii alicheka sana, akaniambia kama mnakarabati niwaulize mlango wa chuma mtanunua wapi, yeye atawafanyia bei nzuri. Ujumbe umefika.

Mimi nilichaguliwa, nikaenda mbele. Katika kila usaili wa kazi niliokaa, kilichonivusha ni ile hali ya kutotetemeka mbele ya meza yenye watu watatu, na meza ya namna hiyo niliizoea nikiwa mtoto. Mpaka leo Klabu inanilipa. Lile grupu la WhatsApp ni la salamu, misiba na harusi, lakini lina kazi nyingine. Hivi karibuni mmoja wetu alitangaza humo nafasi ya mafunzo kazini ofisini kwake, na kabla ya magharibi ilikuwa imejaa, na mdogo wa mwanachama. Tangazo halikutoka nje ya grupu. Hakuna aliyevunja sheria. Watu tuliofungiwa chumba kimoja tukiwa watoto tunaendelea kufunguliana milango, na wale ambao hawakuingia wanaambiwa ajira ni ngumu.

Picha ya Mwalimu ilikuwa ukutani mwa chumba chetu, juu ya lile kochi. Machi 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea akilalamikia shule zilizorithiwa kwa wakoloni, zinazowalea wachache na kuwapa hisia kwamba wao ni bora kuliko wenzao, wakati ni kama asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi ambao wangepata nafasi ya sekondari. Tuliisoma hiyo kwenye Uraia. Tuliikariri kwa Kiingereza na kuipatia alama, kisha tukavaa beji na kupanda Coaster huku wenzetu wakichota maji.

Kuna jambo la Wizara hapa, na nakala kwa Afisa Elimu ni kwa ajili hiyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Toleo lake la 2023 limekiacha Kiingereza kiwe lugha ya sekondari. Nina maoni yangu kuhusu hilo na yatahitaji barua nyingine, ndefu kuliko hii. Bodi ya shule haiwezi kubadili sera, sawa. Lakini maadamu mtihani wa Fizikia na Jiografia unaandikwa kwa Kiingereza, mazoezi ya kukizungumza ni haki ya kila aliyesajiliwa, kama ilivyo chaki. Hayawezi kuwa zawadi ya kufaulu usaili.

Najua jibu litakalokuja, maana nimeshalisikia ndani ya grupu: tukifungua mlango tutapeleka nani kwenye mashindano? Tutaaibika. Jibu liko uwanjani kwenu. Jioni kila mwanafunzi mwenye miguu anacheza mpira, hata anayepiga hewa. Hakuna anayefanyiwa usaili ili aguse mpira. UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ikikaribia, mwalimu wa michezo anachagua kikosi kutoka kwa wote aliowaona wakicheza. Timu ya mdahalo ichaguliwe vivyo hivyo, kila mwaka upya, na aliyechaguliwa mwaka jana ashindane tena. Nina hakika shule itapata wasemaji wazuri kuliko sisi, kwa sababu sisi tulichaguliwa kwa ada za wazazi wetu.

Wala msiseme klabu ya wazi haiwezekani. Klabu ya Malihai, ile ya uhifadhi wa mazingira, ilikuwa palepale shuleni, haina beji wala kochi, na iliingia yeyote aliyekubali kubeba mche na kopo la maji. Miti ile iliyoko kati ya bwalo na mabweni ni yao. Roots & Shoots, mtandao wa vijana wa kutunza mazingira, ilianza Dar es Salaam 1991 kwa wanafunzi kumi na wawili waliokaa barazani kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, na leo ina vikundi katika nchi nyingi kwa sababu hao kumi na wawili hawakufunga mlango.

Mlezi wa Klabu namwonea huruma, na naomba Bodi imwonee pia. Mwalimu mmoja hawezi kuwasikiliza watoto mia kadhaa wakikosea. Nadhani ndiyo sababu ya kwanza kabisa Klabu ikawa ndogo: ilikuwa kipimo cha nguvu za mtu mmoja, baadaye ikageuzwa kuwa heshima. Basi wagawanyeni wanafunzi katika vikundi vidogo chini ya ile miti, kila kikundi na kiongozi wa Kidato cha Tatu au cha Nne, kwa rota ya mikondo, ili ndani ya muhula kila mmoja awe amesimama na kusema zaidi ya mara moja. Mlezi azunguke. Kiongozi atakayecheka mtu aondolewe uongozi, na hilo liandikwe. Jumamosi waliopewa maandalizi wafyeke kwanza kama wengine. Safari, viti vya Coaster vigawanywe: timu iliyochaguliwa ikae kwake, na vilivyobaki vipigiwe kura, maana kwenda kusikiliza nako ni kujifunza, na barua zile zitapelekwa na wenyewe.

Kibao kichomwe. Hilo halihitaji bajeti. Na wiki moja katika mwezi mdahalo uwe wa Kiswahili, msikie watoto wenu wana hoja gani wakiwa hawatafuti kitenzi. Nilimsikia yule wa kijiji cha mtoni akiongea bwenini, na sijasikia msemaji kama yeye katika ukumbi wowote niliokaa tangu hapo.

Kuhusu fedha, sina nia ya kuzificha. Zulia na viti vya kuzunguka sivichangii. Nunueni mabenchi ya mbao ya kuweka chini ya miti, kamusi za kutosha kila kikundi kiwe na zake, na rangi ya kupaka chumba ambacho kitakuwa maktaba ndogo ya wote, kisichohitaji beji. Wenzangu wanne kwenye grupu wameniambia nao wamezuia michango yao kwa masharti haya. Wengine wameshawatumia na wamenitumia maneno makali faraghani, kwamba nimepanda ngazi nikaanza kuitingisha. Hao tutaelewana, ni ndugu.

Rota ya muhula wa kwanza ikishabandikwa kwenye ubao wa matangazo, naomba mlezi aipige picha kwa simu na kuituma kwenye grupu, majina ya mikondo yaonekane. Mweka hazina atazituma fedha siku hiyohiyo, na risiti iandikwe kwa jina la shule, si la Klabu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwanachama wa zamani, Kidato cha Nne 2012
(jina langu mnalo kwenye daftari la wahitimu)